Kaunta buku ya albamu ya dada

Nina kaunta buku ya kwaya tatu, ganda jeusi mgongo mwekundu, zile za kawaida ambazo kila Mangi anazo chini ya meza ya duka, na ndani yake kuna albamu nzima ya dada yangu. Sio mashairi, mashairi anayo mwenyewe kwenye simu. Mi ninacho kile kingine, yani kila mia iliyotoka na kila mia iliyorudi, kuanzia Machi 2022 tulivyoanza kurekodi mpaka karibu mwaka mzima baada ya albamu kutoka Oktoba 2024. Watu wakimuuliza dada kuhusu albamu anaanza kuongelea hisia, mi nikiulizwa nafungua kurasa. (Na ndio najua, kwaya tatu, na dada mwenyewe kaanzia kwaya ya kanisani hapo Sinza, huo utani nishaufanya mara nyingi mpaka hacheki tena.)

Mi ni wakala wa pesa za simu, nina kibanda Mwenge, kwahiyo kuandika kilichoingia na kilichotoka ndo maisha yangu ya kila siku. Hakuna aliyenichagua kuwa meneja. Siku moja dada alikuja kibandani kutoa laki mbili, nikamuuliza za nini, akasema za studio, nikamuuliza umeandika wapi, akanishangaa kama nimemuuliza amevuta hewa kiasi gani leo. Mama alikuwepo, amekaa kwenye stuli anasubiri jua lishuke, akasema bila hata kugeuka "mali bila daftari hupotea bila habari". Basi nikaenda kwa Mangi.

Kwanza nieleze muziki wenyewe maana hapa mjini ukisema neo soul watu wanakuuliza hiyo ndo nini, ni bongo fleva au ni injili. Ni soul ile ya kizamani ya Marekani imechanganywa na ngoma za hiphop, kinanda cha Rhodes kile chenye sauti kama kengele iliyofunikwa na kitambaa, besi nzito, na mtu anaimba kama anaongea na wewe jikoni. Jina lenyewe ni la kibiashara, alilisambaza meneja wa muziki wa Marekani, Kedar Massenburg, miaka ya tisini mwishoni, yeye ndo alikuwa nyuma ya yule mwimbaji Erykah Badu alivyotoka na albamu yake ya kwanza 1997. Dada aliipata hiyo albamu kwenye CD ya kunakili, imeandikwa na makapeni, akiwa bado yupo shule ya msingi. Mama mpaka leo anaziita nyimbo za kulala.

Alivyokua akawa anapiga kopi kwenye bendi ya hoteli Masaki, Ijumaa na Jumamosi, elfu themanini kwa usiku, anaimba za watu mpaka saa saba watalii wanakula kamba. Hiyo elfu themanini ndo ilizaa albamu. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, upande wa mapato, umejaa "kopi 80,000" "kopi 80,000" "kopi 80,000" kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika.

Kulikuwa na lebo moja iliyomuita, jina silitaji. Mkataba kurasa kumi na nne, kiingereza cha kisheria, tukakaa nao usiku tatu na kijana mmoja wa mtaani anayesoma sheria Mlimani, tukamlipa chipsi kuku. Alichotutafsiria ni hivi: masta za nyimbo, yani rekodi yenyewe, zinakuwa zao milele, albamu tano mfululizo, na kila gharama watakayoweka wao kuanzia studio mpaka mafuta ya gari inakatwa kwanza kwenye fungu la dada kabla hajaona hata shilingi. Mi sio mwanasheria ila mkopo naujua nikiuona. Kwenye kikao yule bwana akamwambia dada sauti unayo ila hizi biti hazichezeki, tupia amapiano kidogo. Dada akamaliza soda yake, akashukuru, tukapanda daladala. Njiani akasema tunaachia wenyewe. Nikasema sawa. Sikujua nimekubali nini aisee.

Studio ilikuwa chumba cha prodyuza Kijitonyama, godoro mbili zimesimamishwa ukutani na blanketi juu ya mlango. Mchana hairekodiki kitu, kuna bodaboda, kuna fundi wa mageti anakata chuma, kuna muuza maji, kwahiyo tulikuwa tunaingia saa sita usiku tunatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Feni lazima izimwe kwa sababu maiki inainasa, na Desemba ya Dar bila feni kwenye chumba chenye magodoro hata sielezi. Mvua ikinyesha kwenye bati mnakaa mnaangaliana. Nilijifunza kwenda na ndoo ndogo ya barafu na kununua yuniti za umeme kabla, ipo kwenye daftari, barafu 1,000, umeme 10,000, barafu 1,000.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba shida kubwa ya albamu haikuwa hela, shida ilikuwa Kiswahili chenyewe.

Neo soul siri yake ipo kwenye kuchelewa. Prodyuza alituwekea albamu ya D'Angelo, mwimbaji wa Marekani, ile ya 2000, akasema sikilizeni mpiga ngoma, ni Questlove huyo, anapiga nyuma ya mapigo makusudi, besi nayo inaburuza miguu, kila kitu kinafika kwa kuchelewa kidogo na wote wanachelewa pamoja. Kwenye kompyuta ukipiga ngoma programu inataka kuzinyoosha zote zikae kwenye mstari, wenyewe wanaita kukwantaizi, na prodyuza alikaa wiki nzima anazitoa kwenye mstari moja moja kwa mkono. Dada naye akawa anachelewesha maneno. Kwa kiingereza inakubali kwa sababu neno ni kipande kimoja, unalivuta unavyotaka. Kwa Kiswahili kila neno linaisha na vokali na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiuhamisha umeharibu. Akivuta "na" kwenye nakupenda anakuwa kama mmisionari kafika jana. Kuna wimbo ulikuwa na mstari "nioneshe barabara", yani nioneshe njia. Alivyouimba kwa kuchelewa mkazo ukaruka nyuma ukakaa kwenye "ra", ikawa barabara ile nyingine, ya sawasawa. Mama akasikia kwenye simu yangu, akacheka mpaka akashika mlango. "Anataka aoneshwe barabara nini huyu mtoto?" Wimbo wa majonzi ushageuka wa kitandani.

Tulikaa na ule mstari mmoja siku nne. Alichokuja kugundua dada, na hiki naona ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye hiyo albamu, ni kwamba usivute mkazo, vuta mkia. Lile neno liache likanyage panapotakiwa kukanyagwa alafu ile vokali ya mwisho ndo uifanyie madoido yote, aaa yako yote iweke pale, maana Kiswahili kimekuachia mlango wazi kila mwisho wa neno. Waimba taarabu wanalijua hilo kabla hatujazaliwa, Siti binti Saad kaenda Bombay kurekodi 1928, na sisi tumekaa Kijitonyama na magodoro yetu tunajiona tumevumbua.

Mzee wa gitaa alikuja kwa sababu ya sheria. Dada alitaka kukata kipande cha gitaa kwenye wimbo mmoja wa dansi wa zamani akiweke kiwe kinajirudia, kama hiphop wanavyofanya. Yule kijana wa sheria akasema subiri, kwa sheria yetu ya 1999 hakimiliki inakaa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nikapiga hesabu kwenye daftari pale pale. Mbaraka Mwinshehe kafariki 1979, ajali, Mombasa, kwahiyo hata yeye ni mpaka 2029, na huyo tuliyekuwa tunamtaka sisi kafa juzijuzi tu. Kutafuta ndugu wa marehemu waliotawanyika ili wasaini karatasi, hapana. Prodyuza akasema sasa kwanini tuibe sauti ya mzee wakati wazee wenyewe wapo Magomeni wanacheza bao?

Akaja. Shati la kitenge limepigwa pasi, gitaa kwenye sandarusi limefungwa kamba ya katani. Shikamoo zikapita, akakaa, akawekewa ule wimbo. Akasikiliza kama dakika moja, akavua headphone akauliza kwa upole kabisa: "Huyu mpiga ngoma amekunywa?" Tukamuelezea kwamba ndo mtindo. Akasikiliza tena, macho kafumba, kidole kinagonga gotini, alafu nikaona kidole chenyewe kinaanza kuchelewa. Akasema "aah, mnamsubiri mtu". Akapiga. Bendi zao zilikuwa na gitaa la solo, second solo, rhythm, kila mtu na nyumba yake, na ye alikuwa second solo, yule wa katikati anayejibu. Hakuwahi kupiga pale dada anapoimba, alikuwa anasubiri ile vokali ya mwisho iishe ndo anajibu vidogo viwili vitatu. Mara ya kwanza tu, hakurudia.

Nikatoa laki na nusu na elfu tano ya nauli. Hakuzipokea. Akamgeukia dada: "Binti, karatasi iko wapi?" Karatasi gani mzee? "Ya kwamba nimepiga mimi, na kama nimelipwa kupiga tu au nimelipwa na kutunga. Gitaa langu nimelisikia redioni miaka arobaini, kwenye bahasha sijawahi kuliona." Tukaandika, ukurasa ulichanwa kutoka kwenye kaunta buku, ukiliangalia bado kuna pengo. Asilimia 15 ya utunzi wa ule wimbo kwa sababu yale majibu aliyatunga yeye, jina lake kamili, sahihi, tarehe, mi shahidi. Ndo akapokea hela, akazihesabu mara mbili.

Ungedhani baada ya hapo tumejifunza, eti.

Mpiga kinanda wetu alikuwa rafiki wa dada tangu kwaya. Anakula kwetu, mama anamwita mwanangu. Nyimbo kumi tulizopanga kapiga sita, na wimbo mmoja, ule ambao kila aliyeusikia alisema huu ndo wimbo, ulianzia kwake, kodi nne (chords, zile noti zinazobonyezwa pamoja, sio kodi ya serikali) alizokuwa anazichezea wakati sisi tunakula, dada akaanza kuimba juu yake mdomo una wali. Hakuna aliyesema tuandikiane. Mzee wa Magomeni tulimjua kwa masaa mawili tukamwandikia, huyu wa miaka kumi na tano tukaona aibu, utamwambiaje mtu wa nyumbani saini hapa, atajisikiaje. Wiki tatu kabla ya kutoa, mi najaza majina ya watunzi, nikampigia, nikamwambia nakuweka asilimia 30. Kimya. Alafu akasema huo wimbo ni wangu, dada yako kaweka maneno tu. Dada akasikia hilo "maneno tu".

Sitaki kusimulia ule mwezi. Kwa ufupi kila mmoja alikuwa na haki nusu. Kodi bila melodi sio wimbo, na melodi ile isingekuja bila zile kodi, na kwenye utunzi hakuna mizani ya sokoni, ni makubaliano tu, na makubaliano yanafanyika rahisi siku ambayo wimbo hauna thamani. Siku ile ya wali 50 kwa 50 ingeisha kwa kicheko. Baada ya watu kuusifia ikawa kesi. Tukaja kutaja 50 tukiwa tumeshachelewa, ye kashafika 70. Albamu ikatoka na nyimbo tisa. Wa kumi upo kwenye hadidisk kwenye kabati la mama, chini ya vitenge, na mama bado anauliza mwanangu yule mbona haji siku hizi.

Pembeni ya huo ugomvi kuna makaratasi ambayo kwa kweli sio magumu kama watu wanavyotishana. Dada alijisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nyimbo tukazisajili COSOTA, wale wa hakimiliki. Hakimiliki unayo tangu unapotunga na kurekodi, usajili ni ushahidi tu, ila siku ya kesi ushahidi ndo kila kitu. Kupeleka kwenye Spotify, Boomplay, Apple na kwingine unapitia kwa msambazaji wa mtandaoni, dola ishirini na kitu kwa mwaka, nililipa kwa kadi ya Visa ya kwenye simu. Kila wimbo unapewa namba yake ya ISRC, tarakimu na herufi 12, kama pleti namba ya gari. Namba hizo nimeziandika zote kwenye daftari kwa peni nyekundu, na ndo zilituokoa.

Maana albamu ilivyotoka, saa sita usiku tumekaa sebuleni na soda, dada anaitafuta haioni. Mi naitafuta haionekani. Ikaonekana saa nane, ipo, nyimbo zote, na picha ya dada kwenye kava, ila imekaa kwenye ukurasa wa mwimbaji mwingine wa injili, Mbrazili, wanafanana jina la kisanii. Mashabiki wake wameamka asubuhi wameletewa neo soul ya Kiswahili. Ilichukua siku kumi na moja kuhamishwa na hizo ndo siku kumi na moja ambazo watu walikuwa wanatafuta. Kuna mtu alituambia futeni mpakie upya, ashukuriwe Mungu hatukufuta haraka, kwa sababu ukipakia upya bila kutumia namba zilezile za ISRC wasikilizaji wote uliowapata wanabaki kaburini. Na jina la kisanii tafuta kwanza kwenye majukwaa yote kabla hujachapisha fulana. Fulana tulikuwa tushachapisha.

Hela ya mtandaoni sasa. Spotify wanahesabu mtu akisikiliza sekunde 30 na kuendelea, na tangu 2024 wimbo usiposikilizwa mara 1,000 kwa miezi kumi na mbili haulipwi kitu. Nyimbo nne kati ya tisa ndo zilivuka. Mwanzo wa albamu kuna bibi yetu wa Tanga, nilimrekodi kwa simu uani kwake, kuku wanasikika, anamwambia dada "imba taratibu mjukuu wangu, huna basi la kuwahi". Sekunde 24. Bibi hahesabiwi. Prodyuza alishauri tumrefushe afike 31, dada akasema bibi harefushwi.

Alafu kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, wao wanakata asilimia 30 ya kile kilichotokana na wasikilizaji wa Marekani kwa sababu nchi yetu haina mkataba wa kodi na wao. Hiyo fomu ijaze mapema, mi niliiona kwenye barua pepe nikadhani matapeli nikaifuta mara mbili. Jumla ya miezi mitatu ya kwanza, majukwaa yote, dola 61. Laki na sitini hivi. Usiku miwili ya kopi.

Uzinduzi tulifanya ukumbi wa wazi Mikocheni, mi nipo mlangoni na lipa namba. Walioingia 118, waliolipa 71, kiingilio 15,000, piga hesabu mwenyewe. Hao 47 wengine ni ndugu, waandishi, mtu wa fulani, rafiki wa mpiga dramu, na jamaa mmoja aliyeniambia "mi ndo niliyemfundisha kuimba" ambaye dada hamjui. Show ilikuwa nzuri, mvua ya vuli ilituonea huruma. Bendi ikalipwa, sauti ikalipwa, kilichobaki kililipa deni la mastaringi, yani ile kazi ya mwisho ya kusawazisha sauti ya albamu.

Kilichonishangaza kilikuja Januari, sendoff Tabata. Mama mmoja alikuwepo Mikocheni, anamuoza binti yake, akampigia dada anataka ule wimbo wa "nioneshe barabara" wakati binti anaingia. Laki nne, wimbo mmoja. Dada hakutaka, akasema mi sio mwimba shughuli, neo soul sio ya kwenye sendoff, watu watakuwa wanakula. Nikamsogezea kaunta buku tu, sikuongea.

Tukaenda. Dada kakaza uso, kinanda cha kukodi, mpiga kinanda mpya ambaye alisaini karatasi ndani ya bajaji tukiwa njiani. Wimbo ukaanza polepole vile, ngoma inachelewa, bibi harusi mtarajiwa anaingia na wamama wa sare zao za zambarau nyuma yake, na wale wamama, ambao hawajawahi kusikia hiyo kitu neo soul maisha yao yote, wakaanza kutembea kwa kuchelewa. Hatua moja, wanasubiri, hatua moja. Hakuna aliyewafundisha, ni mwendo wao wa siku zote wa kwenye taarabu. Dada akafika kwenye mkia wa neno akauvuta, mama mmoja mnene akatoka kwenye foleni mkono juu, elfu kumi imekunjwa kwa urefu, anakuja taratibu, anazunguka kidogo, anaiweka kwenye kilemba cha dada. Wakaja wengine. Dada hakujua afanye nini na mikono. Kule Masaki watu wanapiga makofi, hawakugusi. Wimbo una dakika nne, ukaenda kumi na mbili, kila akitaka kumaliza anakuja mwingine, na mi nipo chini naokota na beseni la maua. Laki mbili na kumi na tatu, nje ya ile laki nne.

Kwenye gari kurudi alikaa kimya mpaka Ubungo. Alafu akaniuliza, zile noti za elfu mbili mbili nazo umeandika? Nikamwambia zote. Tangu hapo tumefanya shughuli tisa. Kopi kaacha Aprili.

Juzi nilikuwa stendi ya Makumbusho, kuna kijana ana kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye flashi, madereva na bodaboda wanapanga foleni pale. Nimesimama nasubiri gari, naskia kuku. Kuku wa Tanga, nikawajua. Alafu bibi, "imba taratibu mjukuu wangu", alafu Rhodes.

Nikamsogelea nikamwambia dogo, hii umeitoa wapi. Akasema boda mmoja alikuja nayo, mi nikaipenda, naiuza na mchanganyiko. Akanionesha folda, ameiandika POLEPOLE ZA BIBI, jina la dada halipo popote. Nikataka kuwaka. Kila kitu nilichoandika miaka yote, ISRC, COSOTA, asilimia, vyote vipo pale nyuma ya kioo kilichopasuka, bure. Nikamuuliza kwanini ya bibi. "Aah bro, huyo bibi ndo wanaanzaga naye. Kuna mmoja wa bajaji anataka bibi tu, arudiwe rudiwe, anasema inamtuliza kwenye foleni."

Nilikuwa na flashi kwenye funguo. Nikampa, nikamwambia niwekee hiyo folda nzima, na kabla hujaweka nikwambie jina la mwimbaji ubadilishe hapo juu, andika. Akaandika, herufi moja kakosea nikamrekebisha. Akasema buku mbili. Nikalipa.

Usiku nikafungua kaunta buku. Nikaandika tarehe, nikaandika "flashi, Makumbusho, 2,000", nikiwa na peni katikati ya mstari sijui iende upande wa kuingia au wa kutoka, mpaka mama akaniambia zima taa.